Kuotesha vinundu vya nano kwenye elektrodi ya dhahabu: mwongozo kwa maabara ndogo za Unguja na Pemba

Kichocho kikipungua ndipo kinapozidi kuwa kigumu kukiona. Njia iliyozoeleka visiwani ni kuchuja mililita 10 za mkojo kisha kuhesabu mayai kwa hadubini; kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mayai 50 au zaidi katika mililita hizo ni maambukizi mazito. Baada ya miaka mingi ya kugawa prazikwanteli, dawa ya kichocho, maskulini na mitaani, wengi wa waliobaki na ugonjwa hutoa yai moja au mawili, na siku nyengine hawatoi kabisa. Hadubini inawapita, nao ndio wanaourudisha ugonjwa mtoni.

Bayosensa ya elektrokemia, yaani kihisio kinachogeuza uwepo wa kitu cha kibayolojia kuwa ishara ya umeme, ikisaka DNA ya mnyoo wenyewe ni njia moja ya kuwafikia watu hao. Mwongozo huu unashughulikia kipande kimoja tu cha kazi hiyo: namna ya kuotesha vinundu na matawi ya kipimo cha nanomita (sehemu ya milioni ya milimita; kwa ufupi nitayaita nano) juu ya elektrodi ya dhahabu, yaani ncha inayopitisha umeme kwenye mmumunyo, ili ihisi kiasi kidogo ambacho dhahabu tambarare isingekihisi. Nimewakusudia wanafunzi wa kemia na mafundi wa maabara, awe yuko Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) Tunguu, Taasisi ya Karume pale Mbweni, au Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri kule Wawi, Chake Chake. Mtu mwenye potenshiostati moja mezani (kifaa cha kuiwekea elektrodi volti na kupima mkondo wake), mizani nzuri na kabati la kuvutia mvuke.

Nano hazisaidii kila kipimo

Tuanzie hapa, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu husoma kwamba uso wenye nano una eneo kubwa zaidi, wakadhani mkondo wa umeme utapanda kwa kiasi hicho hicho. Inategemea unachokipima kinafikaje kwenye dhahabu.

Chukua ferisianidi ya potasiamu, ambayo kila maabara ya elektrokemia inayo. Ni molekuli yenye haraka: ikigusa tu dhahabu, elektroni imeshapita. Kinachoichelewesha ni safari yake ya kusambaa ndani ya mmumunyo. Ukipiga mzunguko wa volti, yaani kuipandisha na kuishusha, kwa kasi ya mV 50 kwa sekunde, tabaka la mmumunyo linalochangia mkondo lina unene wa mikromita 20 hivi, na vinundu vyako vina urefu wa nanomita mia chache. Molekuli inayotoka umbali huo inauona uso wako kama abiria wa boti ya Dar anavyouona Mji Mkongwe kutoka baharini: ukuta mmoja mweupe, bila ya kichochoro hata kimoja. Unaweza kuongeza eneo halisi mara kumi na kilele cha mkondo kikabaki karibu pale pale.

Vichochoro vinahesabika katika vipimo vya aina mbili. Kwanza ni pale ambapo athari yenyewe ni ya polepole, mfano glukosi inapotoa elektroni moja kwa moja juu ya platini au dhahabu bila ya kimeng'enya. Molekuli ya polepole hupata wakati wa kuingia ndani kabisa, na kila pembe ya uso hufanya kazi. Pili ni pale ambapo kinachotoa ishara kimefungwa juu ya uso wenyewe, kama DNA iliyonaswa na uzi mfupi wa kunasia. Uzi huo nitauita kinasio. Kazi yetu ya kichocho iko kwenye kundi hili la pili.

Kwenye kundi hili umbo lina faida nyengine, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko eneo. Juu ya dhahabu tambarare vinasio husongamana, na DNA inayotafutwa haipati nafasi ya kupenya na kujifunga. Kinasio kilichosimama juu ya ncha ya kinundu huwa mbali kidogo na jirani yake, kwa hiyo kinafikika. Mwaka 2009 kundi la Shana Kelley na Ted Sargent wa Chuo Kikuu cha Toronto lilitengeneza elektrodi ndogo za paladi zenye maumbo tofauti, likaonyesha kwamba kikomo cha ugunduzi wa DNA kinaweza kupangwa kwa kubadilisha umbo la nano pekee: kadiri vinundu vilivyokuwa vidogo, ndivyo kiasi kidogo zaidi cha DNA kilivyogundulika.

Sasa gharama yake. Kila sentimita ya mraba ya dhahabu hujichaji kama kapasita ndogo, mikrofaradi kadhaa kwa makumi. Eneo likiwa mara kumi, mkondo wa kujichaji nao ni mara kumi. Oksijeni iliyoyeyuka majini nayo hupata uso zaidi wa kufanyia athari. Kwa hiyo kila utakapoona mkondo umepanda, uliza na kelele imepanda kiasi gani.

Vifaa, na habari ya maji

Utahitaji elektrodi ya dhahabu ya duara yenye kipenyo cha milimita 3, waya wa platini kwa elektrodi saidizi inayokamilisha njia ya mkondo, na elektrodi ya marejeo ya fedha na kloridi ya fedha. Volti zote nitakazotaja ni dhidi ya hiyo ya marejeo. Potenshiostati si lazima iwe ya bei mbaya. CheapStat, iliyochapishwa mwaka 2011 pamoja na michoro yake wazi kwa yeyote, ilitengenezwa kwa chini ya dola 80 za Marekani. Inatosha kujifunzia, ingawa kwa mikondo midogo sana utataka kitu bora zaidi.

Kwa kemikali: asidi ya salfuriki, asidi ya klorauriki (hii ndiyo chumvi ya dhahabu), merkaptoheksanoli, ferisianidi, kloridi ya rutheni-heksaamini, na kinasio chenyewe, ambacho huagizwa kutoka kwa watengenezaji wa DNA. Mtu atakuuliza kwa nini usiyeyushe kipande cha dhahabu kutoka kwa sonara wa Mkunazini ukaokoa pesa. Dhahabu ya sonara imechanganywa na shaba na fedha ili iwe ngumu, na kuiyeyusha kunataka mchanganyiko wa asidi ya nitriki na hidrokloriki ambao hauna nafasi katika maabara ndogo. Nunua gramu moja ya chumvi safi. Kila bechi itakula miligramu 9.8 tu, kwa hiyo gramu hiyo inatoa bechi mia moja.

Maji ndiyo yanayoharibu kazi visiwani kuliko kitu chengine. Maji yetu ya visima yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na karibu na pwani huingiliwa na chumvi ya bahari. Kloridi ndiyo adui: dhahabu ikipandishwa volti ndani ya asidi yenye kloridi, huanza kuyeyuka badala ya kujisafisha. Tumia maji yaliyoondolewa ayoni mpaka kwenye suuza ya mwisho ya vyombo. Maji ya chupa ya dukani hayafai hata kidogo, maana yana madini kwa makusudi. Na kama dirisha linatazama bahari, funika vyombo, hasa siku za upepo.

Hatua ya 1: kusugua

Weka alumina (unga wa kung'arishia) ya mikromita 1 juu ya kitambaa cha kusugulia, ilowe, kisha sugua elektrodi kwa mwendo wa nambari nane kwa dakika mbili au tatu. Suuza. Rudia kwa alumina ya 0.3, malizia na ya 0.05. Kila saizi iwe na kitambaa chake. Punje moja ya mikromita 1 ikihamia kwenye kitambaa cha mwisho itachora mistari ambayo baadaye utadhani ni nano. Baada ya hapo itikise kwenye maji safi ndani ya mashine ya mawimbi ya sauti kwa dakika mbili; kama huna, suuza kwa shinikizo la chupa ya kubinya.

Miongozo mingi itakuambia utumie mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na peroksidi ya hidrojeni. Sishauri. Unalipuka ukikutana na asetoni au spiriti, na elektrodi zilizoshikiliwa kwa plastiki huharibika. Usafi wa umeme unatosha.

Hatua ya 2: kusafisha kwa umeme na kupima eneo la mwanzo

Tengeneza asidi ya salfuriki ya 0.5 M (M ni moli kwa lita, mM ni sehemu yake ya elfu, µM sehemu ya milioni): mililita 2.8 za asidi kali ndani ya maji, kisha jazia mpaka mililita 100. Asidi huingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Elektrodi ya marejeo huvuja kloridi, kwa hiyo iweke ndani ya mrija wake wenye kizibo chenye vinyweleo, mrija ujae asidi ile ile.

Piga mizunguko kati ya volti 0 na +1.5 kwa mV 100 kwa sekunde, mpaka michoro miwili mfululizo ilaliane. Ukipanda volti, dhahabu hujivika oksidi. Ukishuka, oksidi hiyo huvuliwa na kutoa kilele kimoja safi karibu na +0.9. Kilele hicho ndicho rula yako. Chukua eneo chini yake, ligawe kwa kasi ya volti, utapata chaji. Kwa dhahabu, chaji ya kuvua oksidi huhesabiwa kuwa mikrokulombi 390 kwa kila sentimita ya mraba ya uso halisi.

Duara la milimita 3 lina eneo la sentimita za mraba 0.071, kwa hiyo uso uliolala kabisa ungetoa mikrokulombi 28 hivi. Gawa chaji uliyoipata kwa 28: huo ndio uwiano wa eneo. Elektrodi iliyosuguliwa vyema hutoa kati ya 1.2 na 2. Ukipata chini ya 1, sehemu ya dhahabu bado imefunikwa na uchafu, rudi kwenye alumina. Usibadilishe kikomo cha juu cha volti kati ya kipimo kimoja na chengine, maana oksidi huongezeka kadiri unavyopanda na ulinganisho wote utakuwa wa uongo. Ukiona wimbi la ziada likichomoza karibu na +1.1, shuku kloridi: mwaga, osha, anza na asidi mpya.

Hatua ya 3: kuotesha

Chumvi ya dhahabu hunyonya unyevu wa hewa upesi, na mwezi wa masika chupa iliyofunguliwa asubuhi huwa uji jioni. Kwa hiyo usiipime kidogo kidogo. Yeyusha gramu nzima siku moja katika mililita 25.4 za maji safi, upate akiba ya 100 mM, uiweke kwenye chupa ya kioo cheusi ndani ya friji. Usitumie kijiko cha chuma. Dhahabu hujipaka juu yake na kijiko huliwa.

Kwa bechi moja, chukua mililita 0.25 za akiba, ongeza asidi ya salfuriki ya 0.5 M mpaka mililita 5. Huo ni mmumunyo wa 5 mM.

Hapa volti ndiyo inayoamua umbo. Ukiiweka karibu na +0.6, dhahabu hujipanga bila ya haraka na uso huwa wa kunona, wenye punje za mviringo. Ukishuka mpaka 0, kila ayoni ya dhahabu inayofika hukamatwa papo hapo pale ilipogusa kwanza, yaani kwenye sehemu iliyochomoza zaidi. Iliyochomoza huchomoza tena, na matawi huota. Ukivuka −0.2 kwenda chini, hidrojeni huanza kutoka kwenye asidi. Wapo wanaotumia mapovu hayo makusudi kutengenezea mashimo, lakini kwa anayeanza yanabandua matawi na kuiba sehemu ya chaji, hesabu ya dhahabu ikapotea. Anza na volti 0.

Simamisha kwa chaji, si kwa dakika. Kila milikulombi 10 hulaza mikrogramu 6.8 za dhahabu, ambazo kama zingetandazwa sawasawa juu ya duara la milimita 3 zingekuwa tabaka la nanomita 50. Andaa elektrodi za milikulombi 5, 10 na 20, ulinganishe. Bila ya kukoroga, milikulombi 10 huchukua kama dakika tano mpaka kumi. Usikoroge, usiiguse meza, na elekeza feni kwengine: mwendo wowote wa mmumunyo hubadili matawi yanavyoota. Joto nalo. Chumba cha nyuzi 25 na chumba cha nyuzi 32 havitoi umbo moja, kwa hiyo zamisha kikombe kwenye beseni la maji lenye kipimajoto.

Umeme wa visiwani huja kwa nyaya za chini ya bahari kutoka Bara na hukatika bila ya hodi. Endesha kwa kompyuta yenye betri, na potenshiostati iwe kwenye UPS, betri ya akiba. Ukikatika katikati ya kuotesha, elektrodi hiyo isugue uanze upya. Matawi yaliyolala ndani ya asidi bila ya volti na kuendelezwa baadaye si ya aina moja na yale yaliyoota mfululizo.

Kazi ikienda sawa, rangi ya dhahabu hupotea na uso huwa wa kahawia iliyokolea, hata kukaribia weusi. Mwanzoni inatia wasiwasi, lakini ndivyo inavyotakiwa: mwanga unanaswa baina ya matawi. Suuza kwa tone tone, usiifute.

Asiye na chumvi ya dhahabu ana njia ya mkato. Kloridi ile tuliyoikimbia inaweza kutumiwa kuparuza: piga mizunguko 25 hivi ndani ya kloridi ya potasiamu ya 0.1 M kati ya −0.28 na +1.22. Dhahabu huyeyuka kidogo kila ikipanda na kurudi kulala ovyo ikishuka. Mipapuro yake ni ya chini kuliko matawi, lakini haigharimu kitu.

Hatua ya 4: kupima tena

Rudia kipimo cha oksidi cha hatua ya 2, mizunguko mitatu tu, kwa sababu kila mzunguko wa oksidi huyalainisha matawi kidogo. Chaji ikiwa mikrokulombi 280, uwiano ni 10. Andika nambari hiyo kwenye daftari kwa kila elektrodi. Elektrodi mbili zilizooteshwa kwa mpango mmoja zikitofautiana zaidi ya asilimia 15, usiendelee na kinasio ghali. Tafuta kwanza kilichopishana, na mara nyingi ni usuguaji.

Kisha suuza sana, sana, uhamie kwenye ferisianidi ya 5 mM ndani ya kloridi ya potasiamu ya 0.1 M. Nasisitiza kusuuza kwa sababu ferisianidi ikikutana na asidi kali inaweza kutoa gesi ya sianidi ya hidrojeni. Chupa za taka za asidi na za ferisianidi ziwe mbili, zenye rangi tofauti, zikae mbali.

Kwa mV 50 kwa sekunde, duara la milimita 3 hutarajiwa kutoa kilele cha mikroampia 59 hivi. Elektrodi yenye nano itatoa karibu hivyo hivyo, kwa sababu tuliyoieleza juu. Ukisoma ripoti ambayo mtu amekadiria eneo la nano kwa kilele cha ferisianidi, isome kwa tahadhari. Kazi ya kipimo hiki ni kukagua afya tu: vilele viwili, cha kwenda na cha kurudi, viachane kwa mV 60 mpaka 80. Vikiachana kwa 150, kuna utando juu ya uso.

Hatua ya 5: kupandikiza kinasio

Dhahabu safi huokota uchafu wa hewani kwa dakika chache, zaidi kama kuna jenereta nje ya dirisha. Kinasio kiwe tayari kabla elektrodi haijatoka kwenye maji.

Napendelea PNA, molekuli ya kutengenezwa inayoiga DNA, kuliko DNA kwa kinasio. Ina herufi zile zile za DNA lakini uti wake hauna chaji, kwa hiyo elektrodi isiyonasa kitu hutoa ishara ndogo. Herufi 18 mpaka 20 zinatosha, mwisho mmoja ukiwa na sisteini ya kushikia dhahabu. Haiyeyuki vizuri; ipashe nyuzi 55 kwa dakika chache kabla ya kutumia, na ifungue salfa zilizoshikana kwa TCEP, kemikali inayovunja vifungo vya salfa.

Tone la mikrolita 10 la 1 µM lina molekuli trilioni 6 za kinasio. Kwenye duara tambarare hizo ni nyingi kupindukia. Kwenye uso wenye uwiano wa 10, yaani sentimita za mraba 0.71, ni trilioni 8.5 kwa kila sentimita, kiasi kinachokaribia kufaa. Kwa hiyo hesabu kinasio kwa eneo halisi ulilolipima, usinakili ukolezi kutoka kwenye makala ya mtu mwengine. Acha tone usiku mzima ndani ya sahani iliyofunikwa yenye tishu iliyoloweshwa; unyevu wa Zanzibar usikudanganye, kiyoyozi hukausha tone kwa saa moja. Asubuhi suuza, weka merkaptoheksanoli ya 1 mM kwa saa moja ili izibe mapengo na kuvibandua vinasio vilivyolala ubavu. Harufu yake ni mbaya. Fanyia ndani ya kabati.

Hatua ya 6: kipimo chenyewe

Tengeneza bafa ya fosfeti ya 25 mM, pH 7, yenye chumvi ya mezani safi ya maabara 25 mM. Ndani yake weka rutheni-heksaamini 10 µM na ferisianidi 4 mM. Mantiki yake ni nzuri: ayoni ya rutheni ina chaji chanya, hivyo huifuata fosfeti hasi ya DNA iliyonaswa na kujilundika hapo. Elektrodi huipa elektroni. Ferisianidi, ambayo ni hasi na haipendi kuukaribia uso, huinyang'anya elektroni hiyo na kuiacha tayari kupokea nyengine. Rutheni moja hupitisha elektroni nyingi. Bila ya DNA, rutheni hukosa pa kujikusanya.

Ondoa oksijeni kwanza kwa kupuliza gesi dakika kumi, maana dirisha letu la volti, kutoka 0 mpaka −0.3, ni pale pale oksijeni inapoanza kusumbua, na uso wenye nano huikuza. Naitrojeni ya mtungi ikikosekana, argoni inayotumiwa na wachomeleaji wa alumini hufanya kazi.

Pima kwa voltametria ya vipigo (volti hubadilishwa kwa hatua ndogo zenye vipigo vifupi huku mkondo ukisomwa), kipigo cha mV 50, hatua ya mV 5. Pima kabla. Kisha weka mikrolita 20 za DNA inayotafutwa kwa nyuzi 37 kwa saa moja, suuza kwa bafa, upime baada. Ishara ni tofauti ya hizo mbili. Chumvi nyingi iliyobaki kwenye suuza hushindana na rutheni kwenye fosfeti, kwa hiyo usisuuze kwa bafa ya kawaida ya hospitali yenye chumvi ya mwili.

Anza na DNA ya kutengenezwa. Kwa kichocho cha mkojo watu wengi huchagua kipande cha Dra1, chenye jozi za herufi 121, kwa kuwa kinajirudia mara nyingi sana katika jenomu ya Schistosoma haematobium, mnyoo wa kichocho hicho.

Hatua ya 7: hesabu

Panga ukolezi kutoka mdogo kwenda mkubwa: sifuri, 10 fM, 100 fM, 1 pM, 10 pM, 100 pM, 1 nM (fM 1,000 ni pM 1, pM 1,000 ni nM 1, nM 1,000 ni µM 1). Ongeza DNA isiyolingana ya 1 nM. Hiyo isipotoa karibu na sifuri, kila kitu chengine hakina maana. Kila ukolezi uwe na angalau elektrodi tatu tofauti, na pembeni yake elektrodi tambarare tatu zilizopandikizwa siku ile ile. Kikomo cha ugunduzi ni pale ishara inapovuka wastani wa sampuli tupu pamoja na mitawanyiko sanifu mitatu. Chora vyote viwili, nano na tambarare. Kama mistari imepanda sambamba na mitawanyiko ya sampuli tupu imepanda nayo, umenunua mkondo na hukupata unyeti. Punguza chaji ya kuotesha au ukolezi wa kinasio.

Kumbuka pia idadi. Ukolezi wa femtomola 1 (1 fM) katika mikrolita 20 ni molekuli 12,000. Atomola 1, sehemu ya elfu ya femtomola, ni molekuli 12. Huko chini bahati ya kuchota tone inaanza kutawala, na njia rahisi ya kusonga mbele ni kukusanya DNA kutoka mkojo mwingi kabla haijafika kwenye elektrodi.

Kwenda kwenye mkojo

Kabla ya sampuli ya mtu yeyote, pata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar, ZAHREC.

Mayai hutoka zaidi katikati ya siku, kwa hiyo kusanya baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Chuja mililita 10, toa DNA kutoka kwenye kichujio. Usitie mkojo mtupu kwenye elektrodi: chumvi yake inabadilika kutoka mtu hadi mtu, na protini za mkojo wenye damu, ambao kwa mgonjwa wa kichocho ni jambo la kutarajiwa, huufunika uso. Asidi ya uriki haitakusumbua sana kwa sababu hutoa elektroni upande wa volti chanya, mbali na dirisha letu.

Anayetaka kupima konokono wa Bulinus, anayebeba vimelea vya kichocho majini, badala ya mkojo aelewe jambo moja, hasa akiwa Pemba. Schistosoma bovis, kichocho cha ng'ombe, imeshagunduliwa huko, na Dra1 haiwatenganishi hao wawili vizuri. Konokono akitoa ishara, bado hujui kama ni ugonjwa wa watu au wa mifugo. Itabidi kinasio cha pili kwenye jeni nyengine.

Sampuli za mwanzo zipimwe sambamba na hadubini, msomaji wa hadubini asijue matokeo ya elektrodi wala wewe usijue yake mpaka daftari zote mbili zifungwe. Na kila sampuli gawa nusu yake uiweke kwenye friza ya nyuzi −20, kwa sababu pale elektrodi itakaposema ndiyo na hadubini ikasema hapana, utahitaji nusu hiyo kwa PCR, kipimo kinachozidisha DNA mpaka ionekane.